Utumbo wa Kuku wa Nyama: Mwongozo Kamili wa Kuzuia, Kutambua na Kudhibiti Magonjwa Yake

Katika ufugaji wa kuku wa nyama, chakula ndicho kinachomeza sehemu kubwa ya mtaji, na mtaji huo haurudi isipokuwa kwa kupitia utumbo wa kuku. Ugonjwa wa utumbo unaoua kuku kwa wingi humwamsha mfugaji mara moja. Unaomla taratibu ni ule usioua: kundi linakula, linatembea, halina mizoga mingi, lakini ifikapo wiki ya tano uzito haujatimia, chakula kimepita kiasi, na lawama zinaelekezwa kwa mbegu ya vifaranga au kwa mtengenezaji wa chakula. Mara nyingi jibu lilikuwa ndani ya tumbo la kuku tangu wiki ya tatu, na hakuna aliyelifungua kuangalia.

Kuelewa namna ugonjwa unavyojengeka

Magonjwa ya utumbo wa kuku wa nyama hayaji kila mmoja kivyake. Kwa kawaida huja kwa mfululizo, na kiungo cha kwanza cha mfululizo huo mara nyingi ni koksidiosisi, inayosababishwa na vimelea wa jamii ya Eimeria. Watatu ndio wanaowasumbua zaidi kuku wa nyama: Eimeria acervulina, anayeishi mwanzoni mwa utumbo mwembamba, Eimeria maxima, anayekaa katikati yake, na Eimeria tenella, anayeshambulia seka, yaani ile mifuko miwili iliyofungwa upande mmoja inayopatikana pale utumbo mwembamba unapokutana na mpana. Kuku hula vijiyai vya vimelea hawa kutoka kwenye matandiko, vimelea huzaliana ndani ya kuta za utumbo, na baada ya takribani siku 4 hadi 7 vijiyai vipya vinatoka kwenye kinyesi kwa maelfu. Vinapotoka haviwezi bado kuambukiza. Vinahitaji joto, unyevu na hewa kwa siku 1 au 2 ili vikomae, na hapo ndipo matandiko mabichi yanapogeuka kuwa kiwanda cha ugonjwa.

Kiungo cha pili ni bakteria Clostridium perfringens. Bakteria huyu yumo kwenye utumbo wa kuku wengi wazima bila kuwadhuru. Eimeria anapozichubua kuta za utumbo, hasa E. maxima, protini ya damu huvujia ndani na ute huongezeka, na bakteria huyo hupata chakula ambacho hakuwa nacho. Aina zake zenye sumu huzaliana kwa kasi na kuua tishu za utumbo. Huu ndio ugonjwa wa kuoza kwa utumbo, ambao huonekana zaidi kuku wakiwa na umri wa wiki 2 hadi 6. Kati ya viungo hivi viwili ipo hali ya tatu isiyo na msababishi mmoja, ambapo uwiano wa bakteria wa utumbo unavurugika, chakula kinapita bila kusagwa vizuri na kinyesi kinakuwa maji. Virusi vya utumbo navyo vina nafasi yake, hasa katika wiki mbili za kwanza, ambapo kundi hudumaa na kukosa ulinganifu wa ukubwa.

Mfugaji anayeelewa mfululizo huu hatauliza kwanza anunue dawa gani, bali atauliza ni kiungo gani kinachoweza kukatwa mapema zaidi.

Hatua ya kwanza: banda kabla ya vifaranga kufika

Vijiyai vya Eimeria vina ganda gumu linalostahimili dawa nyingi za kuulia vijidudu zinazotumika mabandani. Dawa inayoua bakteria na virusi vizuri kabisa inaweza kuviacha vijiyai hivyo vikiwa salama. Kinachovipunguza ni kuviondoa kwa mikono na kwa maji: toa matandiko yote, kwangua sakafu hadi pembeni na chini ya nguzo, osha kwa maji na sabuni, kisha acha sakafu ikauke kabisa kabla ya kupiga dawa. Ukavu na joto kali ndivyo wanavyoviogopa vimelea hawa. Sakafu ya zege inaweza kupitishwa moto wa gesi kwa uangalifu, huku vitu vinavyoshika moto vikiwa mbali. Amonia yenye nguvu ya asilimia 10 huviua vijiyai, lakini mvuke wake ni hatari kwa mapafu na macho, na haifai kutumiwa bila barakoa maalumu, miwani na banda lililofunguliwa kote.

Matandiko yaliyotolewa yapelekwe mbali na banda. Kuyarundika mlangoni ni kuusubirisha ugonjwa nje ili uingie tena na viatu. Banda lipumzike angalau siku 14 baada ya usafi. Kila banda liwe na viatu vyake vinavyobaki humo humo. Beseni la dawa la kukanyagia linasaidia kwa vijidudu vingine, lakini kwa koksidia, yaani hao vimelea wa Eimeria, ni faraja tu.

Matandiko mapya yawe makavu, yasiyo na ukungu, yenye kina cha sentimita 5 hadi 10. Maranda ya mbao na pumba za mpunga hufaa. Vumbi la mbao laini sana halifai kwa vifaranga wa siku za mwanzo, kwa sababu hulila.

Hatua ya pili: siku saba za mwanzo

Utumbo wa kifaranga hukua kwa kasi kubwa katika wiki ya kwanza, na kinachouchochea kukua ni chakula chenyewe kuupitia. Kifaranga aliyecheleweshwa kula hubaki na vilasi vifupi, yaani vile vijidole vidogo vinavyofyonza virutubisho, na hasara hiyo haifidiwi yote baadaye. Kwa hiyo washa bruda, yaani chombo cha kuwapa vifaranga joto, mapema ili vifaranga wakute hewa ikiwa na nyuzi joto 32 hadi 34 na matandiko yenyewe yakiwa na joto la nyuzi 28 hadi 30. Kifaranga husimama kwenye sakafu, wala si hewani, na sakafu baridi humfanya ajikunyate badala ya kula.

Kipimo kizuri cha kazi yako ni mfuko wa chakula ulio chini ya shingo. Baada ya saa 24, shika vifaranga 30 hadi 40 kutoka sehemu mbalimbali za banda na ubonyeze mfuko huo taratibu kwa vidole. Unatakiwa kuwa umejaa na kuwa laini kama uji mzito, kwani ndani yake chakula na maji vimechanganyika. Ukiwa mgumu, kifaranga amekula lakini hajanywa. Ukiwa kama puto la maji, amekunywa bila kula. Angalau 95 kati ya kila 100 wawe wamejaa. Wakipungua, tafuta sababu siku hiyo hiyo katika joto, mwanga, au umbali wa vyombo.

Hatua ya tatu: chakula kisichoukera utumbo

Chakula hakileti koksidia, lakini kinaweza kuwaandalia bakteria karamu. Protini iliyozidi au isiyosagika vizuri hufika chini ya utumbo ikiwa nzima, na Clostridium huitumia. Ndiyo maana dagaa na unga wa samaki uliozidi huhusishwa na kuoza kwa utumbo. Ngano, shayiri na rai zina wanga usiosagwa unaofanya chakula kiwe kizito na cha kunata tumboni, na zikitumika kwa wingi zinahitaji vimeng'enya maalumu. Soya isiyochomwa vya kutosha hubaki na kizuizi cha tripsini, kimeng'enya kinachosaga protini. Mahindi yenye ukungu huleta sumukuvu, ambayo huharibu ini na kinga hata pale kuku haonekani mgonjwa. Mafuta yaliyochacha hukera kuta za utumbo.

Chumvi isisahaulike. Sodiamu ikizidi, kuku hunywa sana na kuharisha maji, matandiko yanalowa, na mfugaji anaanza kutibu ugonjwa ambao haupo. Kiwango cha asilimia 0.16 hadi 0.23 ya sodiamu katika chakula chote kinatosha. Anayechanganya chakula mwenyewe akumbuke kwamba dagaa wakavu huja na chumvi yao.

Mabadiliko kutoka chakula cha kuanzia kwenda cha kukuzia, na kutoka hicho kwenda cha kumalizia, ni vipindi vya hatari. Changanya cha zamani na kipya kwa siku 2 au 3, na usiruhusu vyombo vikauke kwa saa nyingi katikati. Kuku aliyekaa njaa huvamia matandiko, kisha chakula kikifika hula kwa pupa, na yote mawili yanamdhuru.

Hatua ya nne: maji na matandiko

Nimeziweka pamoja kwa makusudi, kwa kuwa matandiko mengi mabichi huanzia kwenye maji. Chuchu za kunyweshea ziwe juu kiasi cha kumfanya kuku anyooshe shingo kidogo, na chombo cha maji chenye umbo la kengele ukingo wake uwe usawa wa mgongo wa kuku. Inua kila baada ya siku chache, kwa maana kuku wa nyama hukua haraka kuliko mfugaji anavyodhani. Ndani ya mabomba hujengeka utando wa ute unaohifadhi bakteria, hasa baada ya kutoa vitamini, sukari au dawa. Safisha mabomba kati ya makundi, na wakati wa ufugaji yapitishie maji kwa msukumo mara kwa mara. Maji yakiwekwa klorini, pima kwenye chuchu ya mwisho wa bomba na si kwenye tangi: hapo ndipo milligramu 1 hadi 3 kwa lita zinapotakiwa kuonekana. Klorini isitishwe wakati wa kutoa chanjo kwa njia ya maji.

Matandiko hupimwa kwa mkono. Chukua konzi moja, ikamue kwa nguvu, kisha fungua kiganja. Ikibaki donge gumu, ni mabichi mno. Ikimwagika yote kama vumbi, ni makavu mno, na vumbi nalo huumiza njia ya hewa. Inayofaa hushikana kidogo, kisha huvunjika yenyewe. Fanya hivyo chini ya vyombo vya maji, kando ya kuta na katikati ya banda, kila siku. Pale palipoganda, ondoa na weka makavu. Kuligeuza donge bichi bila kulitoa ni kutandaza vijiyai. Kisha tafuta chanzo: chuchu inayovuja, hewa isiyotoka, msongamano. Wengi hufunga banda usiku wakiogopa baridi, na asubuhi macho yanawasha kwa amonia. Hewa hiyo iliyofungiwa ndiyo iliyolowesha matandiko. Ni afadhali kuongeza joto kidogo na kuacha hewa ipite juu ya vichwa vya kuku.

Hatua ya tano: mpango wa kuzuia koksidia

Kuku wa nyama wanaofugwa sakafuni kwa biashara wanahitaji mpango, na kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni dawa za kuzuia zinazochanganywa kwenye chakula. Zipo za kundi la ionofori, kama monensini, salinomisini na narasini, ambazo hupunguza vimelea bila kuwamaliza na hivyo kumwachia kuku nafasi ya kujenga kinga. Na zipo za kemikali, ambazo hukata vikali zaidi lakini usugu dhidi yake huweza kujitokeza haraka. Kwa sababu hiyo makampuni makubwa huzungusha: kemikali katika chakula cha mwanzo na ionofori katika cha baadaye, au aina moja kwa makundi kadhaa kisha nyingine. Anayenunua chakula tayari aulize ni dawa gani imo. Asipojua, anaweza kuongeza nyingine ya kundi lile lile, na ionofori zikizidi ni sumu. Chakula chenye ionofori kisiwafikie farasi na punda kwa namna yoyote, kwani huwaua.

Njia ya pili ni chanjo ya vimelea hai, inayotolewa siku ya kwanza, mara nyingi kwa kunyunyizia. Chanjo hii hufanya kazi kwa kuku kuila tena na tena kutoka kwenye kinyesi chake, hivyo matandiko yaliyokauka kupita kiasi huifanya ishindwe, na yaliyolowa huigeuza kuwa ugonjwa. Kinga dhidi ya aina moja ya Eimeria hailindi dhidi ya nyingine. Kundi lililochanjwa halipewi dawa za kuzuia koksidia kwenye chakula, na linahitaji uangalizi wa karibu katika wiki ya tatu, wakati vimelea wa chanjo wako kileleni.

Njia zote mbili hudhoofika kama kundi limepigwa na Gumboro, ugonjwa wa virusi unaoharibu kinga ya kuku. Ratiba ya chanjo ya Gumboro kwa hiyo ni sehemu ya ulinzi wa utumbo, ingawa wengi hawaihesabu hivyo.

Hatua ya sita: kusoma dalili kabla ya mizoga

Dalili ya mapema kuliko zote iko kwenye daftari la maji na chakula. Katika hali ya hewa ya wastani, kuku wa nyama hunywa takribani mara 1.6 hadi 2 ya uzito wa chakula anachokula, na joto likipanda maji huongezeka zaidi. Usitafute namba kamili. Tafuta mabadiliko ya ghafla. Maji yakipanda huku chakula kikisimama palepale, na hali ya hewa haijabadilika, utumbo unalalamika.

Baada ya daftari, angalia kinyesi. Tandaza karatasi ngumu au maboksi yaliyofunguliwa sehemu tatu au nne za banda na uyaangalie baada ya saa moja au mbili. Kinyesi kizima kina umbo, na juu yake kuna mkojo mweupe. Kile kizito cha kahawia chenye kunata, cha rangi ya chokoleti, hutoka kwenye seka mara chache kwa siku nacho ni cha kawaida, ingawa kimewafanya watu wengi wamwage dawa bure. Cha kutia shaka ni duara kubwa la maji linalozunguka kinyesi, vipande vya ute wa rangi ya machungwa, punje za chakula zinazoonekana wazi, povu, au damu. Damu huja mwishoni, nayo huelekeza zaidi kwa E. tenella. Kuoza kwa utumbo kunaweza kuua bila tone la damu kuonekana.

Hatua ya saba: kufungua kuku

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, nayo ndiyo inayookoa fedha nyingi. Usitegemee mzoga uliolala usiku kucha, kwa sababu utumbo huoza haraka baada ya kifo na kukudanganya. Chagua kuku 5 kutoka sehemu tofauti: wawili wanyonge na watatu wanaoonekana wazima, kwa kuwa hao wazima ndio wanaokueleza hali ya kundi. Wauawe kwa haraka na bila mateso, kisha wafunguliwe papo hapo, ukiwa umevaa glovu na ukiwa mbali na banda.

Anza na kitanzi cha kwanza cha utumbo, kile kinachoikumbatia kongosho. Kabla ya kukipasua, kitazame kwa nje kwenye mwanga. Mistari myeupe inayokatiza kama vidato vya ngazi ni alama ya E. acervulina. Shuka hadi katikati, palipo na kijichomozo kidogo kilichokuwa kimeunganishwa na kiini cha yai. Hapo, vidoa vidogo vyekundu, utumbo uliotutumka na ute wa machungwa ndani humwonyesha E. maxima, anayesahaulika zaidi kwa kuwa dalili zake ni hafifu. Kisha fungua seka: kuta nene na damu iliyoganda ni kazi ya E. tenella.

Sasa pasua utumbo wote kwa urefu. Utumbo mzima una nguvu. Ukikata kipande, kingo zake hujikunja zenyewe. Ukilala kama kitambaa kilicholowa, ukuta wake ukapitisha mwanga na ndani mkawa na maji ya povu, uwiano wa bakteria umevurugika. Ukikuta gesi, harufu kali ya uozo, na utando wa kahawia au kijani unaobanduka kama taulo kuukuu, ni kuoza kwa utumbo. Angalia ini pia, kwani vidoa vyeupe au nyongo iliyovimba huashiria kwamba sumu na bakteria vimepanda hadi huko.

Andika alama ya 0 hadi 4 kwa kila sehemu ya kila kuku, kwa mfumo ambao Johnson na Reid waliuweka mwaka 1970 na ambao bado unatumika duniani kote. Kazi hii ifanyike siku ya 14, 21 na 28 hata kama kundi lina afya. Pale macho yanaposhindwa, daktari wa mifugo atakwangua ukuta wa utumbo na kuutazama kwa hadubini.

Hatua ya nane: tiba

Tiba hufuata kile kilichoonekana. Koksidiosisi ikithibitika, daktari huweza kuandika toltrazurili, kwa milligramu 7 kwa kila kilo ya uzito wa kuku kwa siku 2 mfululizo. Hesabu ifanywe kwa uzito, wala si kwa kukisia vifuniko. Kuku 1,000 wenye wastani wa kilo 1.2 wana jumla ya kilo 1,200, hivyo wanahitaji milligramu 8,400 kwa siku. Kwa dawa yenye milligramu 25 katika kila mililita, hizo ni mililita 336. Amproliamu nayo hutumika kwa kufuata maelekezo ya kibandiko, na wakati wake usitoe mchanganyiko wenye vitamini B1, kwa kuwa dawa hiyo hufanya kazi kwa kumnyima kimelea vitamini hiyo hiyo. Dawa za salfa zinahitaji tahadhari siku za joto: kuku anayekunywa maji mengi hunywa dawa nyingi pia, na zikizidi huumiza figo na kuleta kuvuja damu.

Antibayotiki haiui Eimeria. Inahitajika pale kuoza kwa utumbo kunapothibitika, na daktari ndiye achague, mara nyingi kutoka kundi la penisilini. Hata hivyo, kutibu bakteria na kuwaacha koksidia waliomfungulia mlango ni kujiandaa kutibu tena baada ya wiki. Jihadhari na antibayotiki iitwayo tiamulini: ikikutana na monensini, salinomisini au narasini iliyomo kwenye chakula, kuku hupooza na kufa. Kama tatizo ni uwiano wa bakteria tu, anza kwa kurekebisha chakula, maji na matandiko. Asidi za kikaboni kwenye maji na bakteria rafiki husaidia, mradi zisitolewe pamoja na klorini au antibayotiki inayowaua bakteria hao.

Wakati wa tiba, mizoga iokotwe angalau mara mbili kwa siku, maana kuku wanaoidonoa hujilisha bakteria. Toa matandiko mabichi siku ya kwanza ya dawa, usisubiri imalizike. Maji, chakula na dawa vipimwe kila siku. Matumizi yasiporudi katika kawaida ndani ya siku 3, fungua kuku wengine 3 kabla ya kuongeza au kubadilisha chochote.

Tarehe ya mwisho ya dawa iandikwe pamoja na siku za kusubiri zilizo kwenye kibandiko, na kuku wasichinjwe kabla hazijatimia. Kwa kuwa umri wa kuchinja uko karibu sana na wiki ambazo magonjwa haya hushika kasi, hesabu hiyo ifanyike kabla ya kufungua chupa. Wakati mwingine itaonekana kwamba ni busara zaidi kurekebisha banda na kuuza mapema kuliko kuanza tiba. Karatasi ya alama za utumbo za kundi hili ihifadhiwe, kwa kuwa ndiyo itakayoamua ni dawa ipi ya kuzuia iingie kwenye chakula cha kundi lijalo.